Mitundu Kati ya Bahari Mbili

Kusini mwa Itigi, kwenye barabara iendayo Rungwa na kutokea Chunya, Mitundu inategemea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Watu wa pwani, wa Kilimanjaro na wa kando ya Ziwa Victoria wana vuli na masika. Vuli ikiwatupa, hujipa moyo kwa masika. Mkoa wa Singida, sawa na Dodoma, Tabora na mikoa ya kusini, hauna nafasi hiyo ya pili. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na aliyekosa amekosa mpaka mwaka ujao. Ndiyo maana maamuzi mazito ya nyumba ya mkulima hufanywa Oktoba, mbingu ikiwa haina hata wingu: mbegu ipi inunuliwe, bondeni palimwe kwanza au mwinukoni, mtama uwe kiasi gani na mahindi kiasi gani, na magunia yaliyobaki yauzwe sasa au yafichwe.

Majira hayohayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu. Kanda ya kati, yaani Singida na Dodoma, mara nyingi hupata sentensi moja: mvua za wastani hadi chini ya wastani, au za wastani hadi juu ya wastani. Anayeisikia redioni anaweza kudhani imeandikwa na mtu asiyetaka kujifunga. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini sentensi hiyo imepita mikono mingi kabla ya kufika hapo, na historia yake ina mambo ambayo taarifa yenyewe haina nafasi ya kuyasema.

Zamani mvua ilikuwa na mwenyewe. Kaskazini mwa mkoa huu, katika nchi ya Wanyihanzu iliyo sasa wilaya ya Mkalama, kijiji cha Kirumi kilikuwa makao ya watemi wa mvua. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na mmoja bila mwenzake hakuweza kuifanya kazi hiyo. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyekaa huko miaka ya 1990 na kutoa kitabu mwaka 2008, alieleza kwa kirefu habari za mawe ya mvua, dawa na matambiko ya Kirumi, na jinsi watu wa mbali walivyofika kuomba mvua.

Msomaji wa leo huwahi kucheka. Acheke, lakini aone jambo moja: mtemi hakuwa akitabiri, alikuwa akiwajibika. Mvua ikichelewa palikuwa na mtu wa kuulizwa, na palikuwa na mpangilio wa maswali. Nani kavunja mwiko? Nani anaifunga mvua? Wazee waliotangulia wanadai nini? Mashaka ya msimu yalibebwa na nchi nzima, wala hayakuachwa kwa mwenye shamba peke yake. Waingereza, walipoanza kutawala kupitia wenyeji miaka ya 1920, waliona faida ya mtu anayesikilizwa kiasi hicho, wakamtwisha kazi ya kukusanya kodi na kumpa mshahara. Tanganyika huru ikaufuta utemi kwa sheria mwaka 1963. Mshahara ukakoma. Matambiko yaliendelea, na Sanders aliyakuta miaka thelathini baadaye.

Kulikuwa na wengine waliosoma dalili bila kudai mamlaka yoyote. Katika misitu ya miombo inayoizunguka Mitundu, miti mingi huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka, na warina asali wa Itigi hawawezi kupuuza maua yanayotangulia mvua. Pwani walitazama kilimia, kundi la nyota linalopotea machoni kwa majuma kadhaa na kuzuka tena. Walisema kikizama wakati wa jua kitazuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua kitazuka wakati wa jua. Utabiri wa namna hii hauwezi kushindwa mara nyingi, na huenda ndiyo siri ya umri wake. Elimu hii imechunguzwa na wanasayansi wa hali ya hewa wenyewe. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye aliiongoza TMA, aliandika pamoja na Pius Yanda na James Ngana kuhusu dalili za asili zinazotumiwa na wakulima wa nyanda za juu kusini magharibi, na mwaka 2013 Agnes Kijazi na wenzake wakafanya hivyo kwa Mahenge na Ismani.

Mashariki ya Manyoni, Ugogoni, miaka ilihesabiwa kwa njaa. Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za karne iliyopita ni Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walipita wakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya vita, kisha mvua ikakosa. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni vifo 30,000 katika watu wapatao 150,000. Naitaja hapa kwa sababu inatukumbusha kuwa ukame wenyewe hauui kwa kiwango hicho. Huua ukikuta ghala limekwisha kufagiliwa, na hakuna taarifa ya hali ya hewa ambayo ingelirudisha lile lililochukuliwa.

Wakati Mtunya inapita, ng'ambo ya bahari kulikuwa na mtu aliyekuwa akihangaika na swali la Mitundu bila kuijua Mitundu. Gilbert Walker, mwanahisabati wa Cambridge, alipewa mwaka 1904 uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India, nchi iliyokuwa imetoka kwenye njaa ya kutisha baada ya mvua za 1899 kugoma. Hakuwa na nadharia. Alikuwa na makarani wengi, na akawapa kazi ya kulinganisha takwimu za dunia nzima: mgandamizo wa hewa wa Amerika ya Kusini, mafuriko ya Nile, theluji ya Himalaya. Katika fomyula zake za kukisia mvua za India ilimo mvua ya Zanzibar. Kwa hiyo kipima mvua cha visiwani kwetu kilikuwa kikiwasaidia watawala wa India kukisia mavuno ya India, miaka ambayo hakuna ofisi yoyote iliyokuwa ikimkisia mkulima wa Tanganyika mvua yake.

Katika kuchambua huko Walker aliona kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, na ukishuka kule hupanda huku. Wengi hawakumwamini. Ilichukua mpaka mwaka 1969 kwa Jacob Bjerknes kuonyesha kwamba bembea hiyo ya hewa na joto la maji ya Peru liitwalo El Niño ni jambo moja lenye sura mbili.

Huku kwetu idara ya hali ya hewa ya makoloni ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi. Vipima mvua vilikaa kwenye maboma, misheni, mashamba ya wazungu na vituo vya reli. Nje ya hapo, ramani ilijazwa kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha ilionekana Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kutazama ardhi ya kulima karanga. Wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikachaguliwa kuwa makao. Rekodi za mvua za mahali penyewe zilikuwa haba, na wastani wa mwaka ulionekana kutosha. Kwenye karatasi karanga ingekubali. Shambani mvua ilikuja kwa kishindo, ikasimama kwa majuma, udongo ukakauka mpaka ukavunja majembe ya matrekta. Mradi ulifungwa mwanzoni mwa 1951, na walipa kodi wa Uingereza wakabaki na hasara ya pauni zipatazo milioni 36.

Kongwa husimuliwa kama kisa cha kiburi, na kiburi kilikuwepo. Mimi naiona pia kama kisa cha wastani. Mvua ya milimita 600 inayogawanyika vizuri toka Desemba hadi Aprili ni shibe. Milimita 600 zilezile zikinyesha kwa vishindo vitatu, na katikati ukavu wa siku ishirini na tano mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, ni njaa. Kitabu cha rekodi huziandika sawa.

Kisha ukaja mwaka 1961, ambao ungepaswa kufundishwa katika kila shule ya sekondari. Tanganyika ya kati ilikuwa katika ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Oktoba na Novemba mbingu zikafunguka katika Afrika Mashariki yote. Bendera ya uhuru ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba nchi ikiwa imelowa, na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya mita 2. Pasifiki haikuwa na El Niño mwaka ule. Hakuna aliyeweza kueleza mvua hizo zimetoka wapi. Jibu lilichelewa miaka thelathini na minane. Mwaka 1999 Saji na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Japani, na kundi jingine la Peter Webster, walichapisha katika toleo moja la jarida la Nature maelezo ya bembea ya Bahari ya Hindi yenyewe: kuna miaka maji ya upande wa Afrika yanapata joto na yale ya karibu na Sumatra yanapoa, na mvua huhamia kwetu. Mwaka 1961 umo katika orodha yao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ikafa nayo. Tanzania iliunda kurugenzi yake mwaka 1978, ikaifanya Wakala Desemba 1999, na sheria ya 2019 ikaipa jina la Mamlaka. Kinachohusu zaidi Mitundu ni kile kilichotokea kabla kidogo ya Wakala kuzaliwa, katika miezi sita ya 1997 na 1998.

Mwaka 1986 Mark Cane na Stephen Zebiak walikuwa wamechapisha utabiri wa kwanza wa El Niño uliotoka kwenye modeli ya kompyuta. Mwaka 1994 Cane, Gidon Eshel na Roger Buckland wakaonyesha kwamba joto la Pasifiki linaeleza mavuno ya mahindi ya Zimbabwe vizuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Kwa hiyo El Niño kubwa ilipoonekana katikati ya 1997, wataalamu wa kusini mwa Afrika walikutana Kadoma, Zimbabwe, mwezi Septemba, wakatoa utabiri wa kwanza wa pamoja: uwezekano umeegemea upande wa mvua chache. Kuegemea tu. Waandishi wa habari na mabenki walisikia neno moja, ukame. Mikopo ya wakulima wa Zimbabwe ikabanwa, watu wakapunguza maeneo ya kulima. Mvua zilizonyesha hazikuwa mbaya kiasi kile, na sehemu ya pengo la mavuno ya mwaka ule ilitokana na woga.

Kaskazini mambo yalikwenda kinyume. Kenya na Tanzania, zilizotoka kwenye ukame wa 1996 na 1997, zilipata mvua ambazo wengi hawakuwa wamewahi kuziona. Bahari ya Hindi nayo ilikuwa imepinduka upande wetu, hivyo Pasifiki na Hindi zilisukuma kwa pamoja. Madaraja yalikwenda, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya, na "mvua za El Niño" zikawa jina la mvua yoyote kubwa mpaka leo. Mtoto aliyezaliwa miezi ile, ukimuuliza mama yake, alizaliwa mwaka wa El Niño.

Februari 1998, maji yakiwa bado barabarani, wataalamu wa Pembe ya Afrika walikutana Nairobi kwa mkutano wao wa kwanza wa namna hiyo, kwenye kituo cha hali ya hewa cha kanda ambacho sasa kinaitwa ICPAC. Lugha iliyochaguliwa ilikuwa ya mafungu matatu. Chukua miaka thelathini iliyopita, ipange toka kavu kabisa hadi yenye maji mengi, igawe kumi kumi kumi. Bila habari nyingine yoyote, kila fungu lina thuluthi moja. Utabiri ni kusema fungu lipi limeongezewa uzito: pengine asilimia 40 kwa mvua nyingi, 35 kwa za kati, 25 kwa chache. Asiyezoea akiona 40 anadhani ameambiwa mvua nyingi zinakuja. Ameambiwa kwamba katika misimu kumi ya aina hii, sita haitakuwa na mvua nyingi.

Namba hizo zilikubaliwa mezani, kwa majadiliano ya nchi moja baada ya nyingine, na binadamu akikaa mezani huvutwa katikati. Uchunguzi wa tabiri hizo, ukiwamo ule wa Dean Walker na wenzake wa mwaka 2019, ulionyesha kuwa zilipenda mno fungu la kati, ambalo halimwaibishi mtu. Mwaka huohuo wa 2019 ICPAC iliacha makubaliano ya mezani ikaanza kutumia hesabu za modeli kwa utaratibu ulioandikwa.

TMA ina kipimo chake cha wastani: mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida ya miaka mingi. Tufanye hesabu kwa mahali penye kawaida ya milimita 600. Wastani ni kuanzia 450 hadi 750. Kwenye 450 mahindi ya mwinukoni yamekufa na mtama umeponea chupuchupu. Kwenye 750 mabonde yamejaa na mchanga wa mwinuko umesafishwa rutuba. Yote mawili ni wastani, na taarifa itakuwa imesema kweli.

Na bado hatujafika kwenye tatizo la Mitundu yenyewe, ambalo ni la jiografia. El Niño huelekea kuleta mvua Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na huelekea kuleta ukavu Zimbabwe, Zambia na Msumbiji. Mahali fulani kati ya pande hizo lazima athari ipite sifuri. Mstari huo haujachorwa ardhini. Husogea mwaka hadi mwaka, lakini kwa jumla hupita katika Tanzania ya kati na kusini. Mitundu, nyuzi sita na zaidi kusini mwa Ikweta, iko ndani ya ukanda huo wa mabadiliko. Anayesikia kwamba "kuna El Niño" na akaenda kununua mbegu za mahindi ya muda mrefu ametumia habari ya Nairobi katika shamba la Singida. Mwaka unaofuata anaweza kutumia habari ya Harare, na nayo isimfae.

Muda nao una hila yake. Bahari ya Hindi hutawala mvua za Oktoba hadi Desemba. Pepo zikigeuka Desemba na Januari, bembea yake hutulia, na nguvu yake ya kutabirika huisha. Ile miezi ambayo mahindi ya Mitundu yanachanua, Januari na Februari, inaachwa mikononi mwa mambo yasiyoonekana mbali: hewa yenye unyevu inayosukumwa kutoka Kongo, na vimbunga vya upande wa Madagaska na Mlango wa Msumbiji ambavyo vinaweza kuvuta unyevu huo kuuleta kwetu au kutunyang'anya. Kimbunga hakina habari Oktoba. Wataalamu wanalijua hili vyema, na taarifa za TMA huonya kuhusu vipindi virefu vya ukavu hata pale jumla inapotarajiwa kuwa nzuri. Onyo hilo ndilo la thamani kuliko sentensi ya juu yake. Ndilo pia linaloanguka njiani kwanza: mtangazaji ana dakika mbili, mtendaji wa kata ana mkutano, na mkutanoni kinachobaki ni kwamba serikali imesema mvua zipo.

Serikali nazo zimejifunza kwa taabu. Vuli ya 2005 na msimu wa 2005/06 vilikuwa vibaya, na bwawa la Mtera, linalopokea maji ya Ruaha Mkuu pamoja na ya mto Kisigo unaotoka upande wa kusini wa Manyoni, likashuka mpaka umeme ukawa wa mgawo. Mwaka 2006 Waziri Mkuu Edward Lowassa alizungumzia hadharani kutafuta Thailand utaalamu wa kutengeneza mvua, na wananchi wakapata cha kuzungumza. Serikali pia iliingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bahari ya Hindi ikapinduka tena, mvua zikaja kwa wingi bila kuitwa na mtu, huku mkataba ukiendelea kuzaa kashfa mpaka Lowassa alipojiuzulu Februari 2008. Huenda uamuzi wa dharura ulihitajika. Lakini ni mfano mzuri wa jinsi ukame wa mwaka jana unavyochukuliwa kama utabiri wa mwaka huu.

Upande wa Kenya kosa lilikuwa la kinyume. Septemba 2023 mashirika yote yaliona El Niño Pasifiki na Bahari ya Hindi ikiwa upande wetu, mchanganyiko wa 1997. Mapema Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamerekebisha: mvua zitakuwa nyingi lakini El Niño ya kutisha haitakuwapo. Novemba mafuriko yaliua zaidi ya watu 100, kaskazini mashariki yakiumiza sana. Kilichokuwa kimebadilika katika utabiri, kama kipo, kilikuwa asilimia chache. Asilimia chache zilipopita katika kinywa cha kiongozi zikawa ndiyo au hapana.

Kwetu TMA ilikuwa imetahadharisha mapema kuhusu El Niño. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliporomoka juu ya Katesh, mji ulio jirani na mpaka wa kaskazini wa Singida, vikaua zaidi ya watu 80. Utabiri wa msimu ulikuwa sahihi na haukuweza kuitaja Katesh. Unahusu miezi na mikoa. Mlima, siku na saa ni kazi ya tahadhari za siku chache na ya watu wanaojua korongo lao limebeba nini.

Tatizo jingine la Mitundu ni macho. Mvua ya kanda hii hunyesha kwa mawingu ya mchana yanayosimama juu ya kijiji kimoja na kukiruka cha pili, na kituo kikuu cha TMA cha mkoa kiko Singida mjini, upande wa pili wa mbuga na vichaka vya Itigi. Katika muongo uliopita TMA na Chuo Kikuu cha Columbia walianza kuunganisha rekodi za vituo na picha za setilaiti, mpango uitwao ENACTS, ili hata mahali pasipo na kipima mvua pawe na historia ya miaka thelathini ya kukadiria. Ni kazi ya kimyakimya isiyopigiwa ngoma, nami naipa uzito kuliko modeli nyingi mpya.

Sababu ni kile kilichojaribiwa Kiteto, wilaya iliyo mashariki yetu, kwa njia iitwayo PICSA iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Reading. Badala ya kumpa mkulima sentensi ya Oktoba, afisa ugani anamletea grafu ya mvua za eneo lake, mwaka baada ya mwaka. Wanakikundi wanahesabu wenyewe: katika miaka thelathini, mingapi mvua ilianza kabla ya Desemba; mingapi msimu ulitosha zao la siku 120; mingapi ulitosha la siku 90. Mama mmoja akisema mwaka fulani alivuna hali grafu inaonyesha ukame, wanabishana, na ubishi huo ndio somo. Utabiri wa mwaka huu ukija baada ya hapo unakuta watu wanaojua kwamba hata bila utabiri, zao la siku 120 linafeli, tuseme, mara mbili katika tano. Asilimia 40 haiwatishi tena wala kuwadanganya.

Wakulima wa Singida wana njia nyingine ambayo haikutoka chuoni. Mtama wa muda mfupi, kama Macia uliotolewa nchini mwaka 1999, unaingia ardhini na mvua za kwanza. Mahindi yanakwenda bondeni. Alizeti, zao ambalo mkoa unajulikana kwalo, husubiri: nyingi hupandwa kuelekea mwisho wa Desemba na ndani ya Januari, wakati msimu umekwisha kuonyesha tabia yake na TMA inatoa taarifa za siku kumi kumi badala ya za miezi sita. Mwenye ekari tano akiacha mbili wazi mpaka Januari ananunua habari kwa kusubiri, na bei yake anaijua. Mvua ikikatika katikati ya Machi badala ya Aprili, ni ekari hizo mbili zitakazokuwa na vichwa vidogo.